Siku Nilizokuwa Mama wa Nyota wa Hollywood

Jumatatu, 3 Novemba

Magunia tisa ya mapazia yameshuka asubuhi, mawili hayana alama. Nimepigia simu kiwanda hiki, nimepigia kile. Kila mmoja: meiyou, hakuna, si letu. Nimeyafungua mwenyewe. Moja la Bi Kuruthumu wa Unguja, rangi ya damu ya mzee, lile aliloniulizia mwezi mzima. Nimeandika alama upya kwa kalamu nene, ubavuni na kichwani. Kontena linafungwa bandarini Nansha Alhamisi. Alhamdulillahi, gunia halikupotea.

Mwanangu Salma amepiga saa nane, kwao Magomeni saa tatu asubuhi. Wiki ya thelathini na saba. Miguu imevimba kidogo. Dada yangu Mwanaidi yuko naye, anamkanda, simkosoi. Lakini mimba mbili zilitoka, hii ndiyo ya kwanza kufika hapa, na mama mtu niko Guangzhou na magunia. Pasi yangu iko ofisi ya vibali, bado hawajairudisha. Naumia. Nimeandika, yamekwisha.

Wanjiru naye kaja. Binti wa Kikenya huyu, anasomea uhandisi wa madaraja chuoni hapa, Kichina chake kama amezaliwa kwao. Jumamosi hunitafsiria viwandani. Leo kaja mbio, hata kukaa hakukaa. Amepata kuigiza! Filamu ya simu, zile za vipande vya dakika mbili mbili, Wachina wanazitazama kwenye treni mpaka wanapitiliza kituo. Hadithi ya Hollywood, na yeye ndiye nyota mwenyewe. Wanamtafutia mama.

"Mathe, ni siku moja tu. Unaniaga airport, unalia kidogo, tunakula, tunarudi."

Nikamwambia mimi mtu wa magunia.

"Dairekta anataka uso wa mama. Uso unao, mathe, tena bure."

Nimecheka. Nimekubali. Labda kwa sababu wangu wa kumzaa simwoni.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeigiza! Mimi, darasa la saba la Magomeni.

Jumba liko Panyu, la kukodi kwa siku. Hollywood nzima imo uani. Yale maandishi ya mlimani wameyachonga kwa povu jeupe gumu, lile wanalofungia televisheni, wameyaegemeza kwenye ukuta, na jirani kaanika shuka zake kwa juu. Kamera wanaisimamisha wima kama simu, kwa hiyo watu wawili hawaenei. Lazima mbanane mashavu.

Tajiri wa Hollywood anayewaharibu wasichana ni Mbrazili muuza viatu. Mtu mpole kabisa, kanionyesha picha za wajukuu wanne. Mkewe mwenye roho mbaya ni Mrusi, mwalimu wa kucheza balei. Dairekta anaitwa Liang, kijana tu, kavaa kandambili, na wote wanamwita laoban, bosi, kwa kuwa kazi ni yake.

Nilitanguliza suala la mtandio. Sivui. Wanjiru akatafsiri, dairekta akajibu nisiuvue kabisa, unanipendeza. Basi.

Adhuhuri nimeswalia chumbani kwa nyota. Kitanda cha umbo la moyo, mawaridi ya plastiki. Mbele yangu kibla, nyuma yangu picha ya Wanjiru kubwa kama mlango. Mungu atanisamehe, nilitabasamu kidogo kabla ya kuhirimia.

Uwanja wa ndege ni ukumbi wa jumba hilo hilo, masanduku matano na feni ya kupeperusha nywele. Nikaambiwa nimuage kwa lugha yangu, maandishi ya Kichina yatawekwa chini. Nikamwambia yale niliyomwambia Salma siku anaolewa. Usiende kwa watu mikono mitupu. Usianze kula hujaambiwa karibu. Swali. Nikakumbuka ni Mkristo, nikasema sali. Watu wakapiga makofi. Dairekta kasema nirudi, ataniongezea sehemu.

Mgongo unauma. Nina raha kama mtoto wa Idi.

Jumapili, 9 Novemba

Bi Rehema, mwenye mgahawa hapo Dengfeng, mtu wa Tanga, kanitangaza kwa wateja wote. "Mpisheni nyota! Angalieni asije akawapaka mafuta ya Hollywood!" Kaniweka meza ya dirishani. Pilau kaniletea na uma mbili.

Baba Salma kapiga. Nimemsimulia. Kauliza, mumeo kwenye filamu ni nani. Nikamwambia sina, ni marehemu. Naye: "Kwa nini niwe marehemu?" Nimecheka mpaka nimekaa chini.

Salma sijamwambia. Nataka aione kwa ghafla.

Jumanne, 11 Novemba

Leo mama kafika Hollywood kumtafuta mwanawe. Nimemsuta yule tajiri. Kwenye karatasi niliandikiwa nimpigie magoti, Wanjiru kanisomea. Nikamwambia mwambie dairekta, mama wa kwetu hapigi magoti kwa mtu aliyemharibia mtoto. Anafunga kibwebwe. Dairekta kanitazama, kafikiri, kasema haya.

Nikafunga kanga kiunoni. Nikamweleza Mbrazili wa watu toka alivyozaliwa, Kiswahili cha Magomeni, mkono kiunoni, kidole puani. Masikini haelewi neno, lakini karudi nyuma hatua tatu. Ya nne ikawa ndani ya bwawa la kuogelea. Viatu vyake mwenyewe, vya ngozi! Dairekta kapiga kelele za furaha, hakusimamisha kamera. Nimemwomba radhi nikampa kanga ajifute. Kasema hajawahi kusemwa hivyo tangu mama yake afe.

Tukiwa tunarudi, Wanjiru kanishika mkono. Kanieleza kuwa sasa mimi nimo kwenye vipande vingi. Nikiacha, vyote vinatupwa, na yeye anatupwa navyo, maana wapo wasichana wengine wanangoja. "Mathe, usiniache mpaka mwisho." Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Nitakuwepo mpaka mwisho, namwahidi mbele ya Mungu.

Sikuuliza mwisho wenyewe ni upi. Hadithi nilizozoea huishia harusini.

Alhamisi, 13 Novemba

Mwisho ni kifo.

Wanjiru kanisomea leo hapa ofisini, tumekaa juu ya magunia. Nyota wanambadilisha jina. Wanampa dawa za kutolala, kisha dawa za kulala. Wanamzushia kashfa magazetini. Marafiki wanamkimbia. Anakutwa kwenye lile bwawa asubuhi, na gauni lake la kumeta. Mama anakuja kwenye jeneza. Anapiga mayowe, anajipiga kifua, anajitupa juu ya mwanawe. Jumamosi.



Salma anaingia wiki ya thelathini na tisa. Siku yoyote sasa. Na mimi nikamlilie binti aliyelala jenezani, mzima, ninayemwita mwanangu?

Uchuro.

Najua dini haina uchuro. Nimefundishwa, naamini, nimewakemea wengine kwa hilo, nikawaambia bundi ni ndege tu. Lakini mama yangu, Mungu amrehemu, alitukuta siku moja tunacheza mazishi ya mwanasesere, akatuchapa wote, na aliyejifanya mfiwa akachapwa zaidi. Kofi lile bado liko shavuni. Na hata bila uchuro, mayowe na kujipiga kifua juu ya maiti tumekatazwa. Hilo halina mjadala.

Sikumwambia Wanjiru. Alikuwa anafurahi sana.

Ijumaa, 14 Novemba

Rehema kasema, "Sema unaumwa, shoga, nani atakuja kukupima?" Sasa nidanganye?

Ahadi niliitoa mimi, kwa ulimi wangu. Yule binti kanitazama usoni wakati naitoa.

Salma kapiga, kasema mtoto kashuka chini, anatembea kama bata. Nimecheka naye. Nilipokata simu nikaogopa kicheko changu.

Nimeswali rakaa mbili. Sijapata jibu. Nimepata usingizi.

Jumamosi, 15 Novemba

Niandike yote, nisije nikasahau.

Jeneza jeupe, katikati ya ukumbi ule ule uliokuwa uwanja wa ndege. Mle ndani kalala Wanjiru, gauni la kumeta, uso wameupaka poda mpaka umekuwa wa majivu.  Nilipomwona nikasoma dua.

Shida ikawa moja. Mtafsiri wetu ndiye maiti. Dairekta akisema neno, maiti anafumbua jicho, ananitafsiria, anafumba. Mrusi alicheka mpaka wanja ukamwagika.

Mara ya kwanza nilisimama tu. Hakuna kilichotoka. Dairekta akasema. Maiti akainuka akakaa. "Mathe, anasema lia kwa sauti, piga kifua, nirukie." Akalala.

Mara ya pili, kimya. Dairekta kavua kandambili, kazivaa tena. Watu wanatazama saa. Maiti akanong'ona bila kufungua mdomo, "Mathe, tafadhali."

Nikamtazama. Yeye naye ni mtoto wa mtu, mama yake yuko Nyeri, hajui kama mwanawe kalazwa hivi. Nikamfikiria Salma kalala kitandani Magomeni na mimi sipo. Hapo hapo likanijia. Simlilii maiti. Nitasema na mzazi, aliyejifungua leo.

Nikainama. Nikasema:

"Haya mwanangu, amka. Umejifungua salama, hongera, sasa amka. Uji huu hapa, nimeutia pilipili manga na tangawizi, unywe ungali moto. Ndoo usinyanyue. Maji baridi usiyaguse. Maji ya kukukanda yamechemka, utapiga kelele, wewe piga tu, mimi nakanda. Mkaja nimekuja nao, tumbo litarudi. Mtoto mpe ziwa, usiogope, linauma siku tatu. Mama yako nimechelewa, lakini nimekuja."

Hapo kwenye nimechelewa sauti ilikatika. Nililia. Machozi ya kweli, kimya kimya, ya kuwa mbali.

Nikasikia kitu kinatikisika. Jeneza.

Wanjiru! Kajiuma mdomo, tumbo linapanda linashuka, gauni linameta kama samaki. Kwa bahati dairekta hakuona, alikuwa anajifuta macho kwa fulana yake. Mbrazili kasimama mlangoni analia kwa kwikwi, naye ndiye aliyemwua. Kijana wa taa analia. Chumba kizima kilio, isipokuwa mfiwa na maiti, ambao tunajikaza tusipasuke.

Tulirudia mara nne. Nikifika kwenye ndoo, maiti anacheka. Mwisho wakamjazia maua mpaka kidevuni, kamera ikabaki usoni kwangu.

Dairekta akamwuliza Wanjiru nilikuwa nasema nini. Wanjiru kamjibu, anamwambia mwanawe aamke ale. Hakuongopa. Dairekta kaniinamia mpaka chini, mimi mtu wa magunia.

Kwenye treni Wanjiru kaniuliza, "Mathe, huo uji ni wa nini?" Nikamwambia yote, mimba mbili, uchuro, kofi la mama. Aliacha kucheka. Akaegemeza kichwa begani kwangu mpaka kituo chetu, poda yote ikabaki kwenye mtandio.

Jumatatu, 17 Novemba

Dairekta kampa Wanjiru kile kipande kama zawadi. Wanjiru kamtumia Rehema peke yake. Rehema kamtumia mtu mmoja peke yake. Kufika adhuhuri jengo letu zima la ofisi, Tianxiu, linacheka. Kwenye lifti mtu simjui kaniuliza, "Mama, uji tayari?" Mchukuzi kanikataza kubeba gunia langu, eti mzazi haruhusiwi kunyanyua vitu, lakini yeye anaweza kuniitia mtu. Nimecheka nao. Nimecheka vizuri kabisa, moyo mweupe.

Kisha nikakumbuka. Hapa na Magomeni ni kidole kimoja kwenye simu.

Salma ataliona jeneza. Atamwona mama yake kainamia maiti, wiki hii.

Nimemwendea Rehema. "Umenimaliza, Rehema."

"Shoga, watu wanafurahi!"

"Mwanangu hajajifungua."

Mwiko ukambaki mkononi. Sikumuaga. Nimeondoka.

Nimempigia Mwanaidi. Nimemwambia, ikifika huko asimwonyeshe, amfiche simu kama itabidi. Kasema imeshafika, yeye kaiona, Salma bado. Kaniapia.

Jumatano, 19 Novemba

Uchungu umeanza. Wamempeleka hospitali alfajiri ya kwao. Huku saa tano.

Saa saba. Mwanaidi kasema njia inafunguka pole pole. Salma kachoka.

Saa nane. Mwanaidi hapokei.

Saa tisa. Hapokei. Baba Salma yuko nje ya wodi, haruhusiwi kuingia, hajui kitu, ananiuliza mimi.

Zile mimba mbili nazo zilianza hivi, simu isiyopokelewa.

Naogopa. Siandiki vizuri. Nilijiona mjanja kwa kubadilisha maneno. Jeneza lilikuwa jeneza. Ya Rabi, kama kuna kosa ni langu, usimwandikie yeye.

Wanjiru kaja, kakaa juu ya magunia. Rehema kafunga mgahawa, mchana mzima wa wateja, kaja kasimama mlangoni. Nilitaka nisimtazame. Nikamsogezea kiti.

Nimeswali alasiri. Nimebaki kwenye mswala.

Saa kumi na nusu.

Mtoto wa kike. Kilo tatu na ushei. Mama mzima, mtoto mzima. Allahu Akbar. Allahu Akbar. Allahu Akbar.

Naendelea sasa. Mwanaidi kaungama. Katikati ya uchungu Salma alikata tamaa. Akasema hawezi tena, amechoka, anamtaka mama. Hakutaka kitu kingine, mama tu. Mwanaidi hakuwa na mama wa kumpa. Alichokuwa nacho ni simu.

Akamfungulia.

Salma kaliona jeneza, kakodoa macho. Kisha kasikia uji. Kafika kwenye ndoo, kaanza kucheka. Uchungu ukamjia juu ya kicheko, kalia na kucheka pamoja. Mkunga kauliza kuna nini, kaonyeshwa, kaita mwenzake. Wakairudia tena na tena, ndiyo maana simu haikupokelewa. Mwanaidi kasema, "Dada, mtoto katoka mamake anacheka."

Kisha wakampa Salma simu. Sauti imekauka kabisa. Kasema, "Mama, umechelewa, lakini umekuja."

 Rehema kamjibu kwa niaba yangu, vigelegele mpaka walinzi wa jengo wakapanda kutazama.

Alhamisi, 20 Novemba

Mgahawani leo uji wa pilipili manga bure kwa kila aliyeingia. Wanaume wazima, vibegi vya biashara kifuani, wanakunywa na kupuliza. Nami nimekunywa vikombe viwili. Wanjiru vitatu, kautolea machozi, kasema Wapwani mna ukatili.

Mtoto ataitwa Furaha. Mimi sikuchagua.

Jumatatu, 8 Desemba

Filamu imetoka wiki iliyopita, vipande themanini. Sijaitazama yote. Kazi nyingi, makontena mawili.

Leo asubuhi kwenye lifti ya Tianxiu kaingia bibi wa Kichina, mfupi, kapu la sokoni mkononi. Kanitazama. Kanitazama tena. Kisha kaweka kapu chini, kanishika mikono yote miwili, na macho yakamjaa. Akasema maneno mengi, taratibu. Sikuelewa hata moja na nilielewa yote. Alikuwa ananipa pole ya mwanangu.

Ningemwelezaje? Kichina changu ni cha bei na gunia.

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha. Salma kaegemea mto, kajifunga mtandio, Furaha kifuani. Nikamgusa Salma kwenye kioo cha simu, nikajigusa tumbo. Wangu. Mzima.

Bibi aliisogeza simu karibu na uso. Alikaa nayo. Nadhani alikuwa analinganisha sura, kisha akaacha kulinganisha. Akacheka, meno machache. Na hapo akaanza kunifundisha. Akaonyesha kichwa cha Salma, akajifunika chake kwa viganja: asipigwe na upepo. Akajifanya ananawa, akatikisa kidole: maji baridi hapana. Akajikaza tumbo kwa mikono, huku na huku, kama mtu anayefunga mkaja. Nikamwitikia kila moja. Ndiyo, bibi. Ndiyo. Hata sisi.

Lifti ilifika ghorofa yake, ikafunguka, ikajifunga. Hakushuka.

Akainama kwenye kapu, akachagua tangawizi moja kubwa, bado ina udongo, akaniwekea kiganjani na kunikunja vidole juu yake.